Jinsi ya kusafisha udongo wenye risasi kwenye kiwanja kilichokuwa cha kuyeyushia betri

Mwongozo huu ni wa msimamizi anayekabidhiwa kiwanja ambacho zamani palivunjwa na kuyeyushwa betri za magari. Pwani yetu mfano unajulikana: Owino Uhuru, Mikindani, Mombasa. Tanuri lilifanya kazi pale tangu 2007 hadi 2014, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 na mahali pasafishwe.

Risasi, ile metali yenye sumu iliyomo kwenye betri, haiozi. Ilipoanguka ndipo ilipo mpaka mtu aihamishe au aifunge. Ndiyo maana kazi nyingi za aina hii huharibikia mwanzoni: katapila linaletwa kabla haijajulikana udongo utakwenda kulala wapi.

Hatua ya 1: Waulize waliofanya kazi pale

Tafuta vibarua wa zamani na majirani. Betri zilivunjiwa wapi? Asidi ilimwagwa wapi? Mavi ya tanuri, yale mawe meusi mazito, yalipelekwa wapi? Swali hili la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana, maana mara nyingi mawe hayo hugawiwa watu wazibe mashimo ya barabara na kusakafia nyua. Uchafu hauishii kwenye ua wa kiwanda. Kumbuka na upepo: kusi husukuma moshi upande wa kaskazini, kaskazi huurudisha kusini, kwa hiyo pima pande zote mbili.

Hatua ya 2: Pima

Gawa kiwanja kwa miraba ya mita 10 kwa 10. Karibu na nyumba na watoto wanapochezea, punguza hadi mita 5. Kila mraba chukua udongo wa sentimita 0–5, 5–15, 15–30 na 30–60. Risasi hupenda kubaki juu, lakini palipomwagwa asidi huzama, na ukipima juu tu utadanganyika.

Anika sampuli, zichekeche kwa wavu wa mikroni 150, kisha tumia kipimo cha mkono cha eksirei kinachosoma kiasi cha risasi. Tunapima vumbi laini kwa sababu ndilo linalonata viganjani mwa mtoto. Udongo mbichi hutoa namba ya chini kuliko ukweli, kwa hiyo usipime siku ya mvua ukafurahia. Sampuli moja katika kila kumi ipeleke maabara, na pima pia pH, yaani kiwango cha asidi.

Udongo usiochafuliwa kwa kawaida una miligramu 10 hadi 50 za risasi kwa kilo. Marekani kwa miaka mingi walitumia 400 kwa udongo wa makazi, na mwaka 2024 wakashusha hadi 200. Kiwango chako kikubaliwe kwa maandishi na mamlaka ya mazingira ya serikali (NEMA kwa Kenya, au ile ya Tanzania) kabla ya chepe la kwanza. Kikiachwa kijadiliwe katikati ya kazi, kitapanda kadiri fedha zinavyopungua.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya mzigo

Mita za mraba 1,000 zikichimbwa sentimita 30 ni mita za ujazo 300. Kwa tani 1.5 kila moja, ni tani 450, yaani safari 45 za tipa la tani 10. Udongo uliochimbwa huvimba kama robo hivi, basi shimo la kuufukia liwe kubwa kuliko ulikotoka. Namba hizi ndizo zitakazokuambia kama unahamisha au unaufungia hapohapo. Mimi hupendelea hapohapo kila inapowezekana: tipa moja likipita sokoni bila turubai linaweza kuchafua mtaa ambao haukuwa na tatizo.

Hatua ya 4: Andaa watu

Kila kibarua apimwe damu kabla ya kuanza na wakati kazi ikiendelea. Barakoa ya kitambaa haifai. Inatakiwa yenye kichujio cha vumbi laini. Ovaroli na gambuti havitoki getini, vinafuliwa hapohapo, na maji yake hayamwagwi mtaroni. Hakuna kula wala kuvuta sigara ndani ya uzio. Sheria hii ndiyo inayovunjwa kuliko zote, na mara nyingi anayeivunja ni msimamizi na kikombe chake cha chai.

Hatua ya 5: Chimba

Epuka masika. Lowesha udongo kwa manyunyu ya boza mpaka usitimke, lakini usiufanye tope. Anzia upande upepo unakotoka ili vumbi lisirudi ulikosafisha. Ondoa tabaka kwa tabaka, sentimita 15 kila moja, ukipima katikati. Mara nyingi utagundua huhitaji kwenda chini zaidi. Vipande vya maganda ya betri na mavi ya tanuri vichekechwe na kuwekwa kando, kwa kuwa vina risasi nyingi mno kuchanganywa na udongo.

Hatua ya 6: Ifunge risasi

Hapa ndipo penye ufundi. Fosfeti huigeuza risasi kuwa madini magumu yasiyoyeyuka kirahisi, na unga wa mawe ya fosfeti wa Minjingu, Tanzania, unapatikana. Lakini unga huo huyeyuka vizuri kwenye udongo wenye asidi, kwa hiyo weka fosfeti kwanza, acha ifanye kazi, halafu chokaa. Ukitanguliza chokaa, umepoteza fosfeti yako.

Chokaa nayo isizidi. Lenga pH ya 8 hadi 10. Ikipanda mno risasi huanza kuyeyuka tena. Pia, risasi ya betri huweza kuwa na aseniki, sumu nyingine, na fosfeti huifukuza aseniki kutoka kwenye udongo. Kama maabara imeiona, tumia saruji badala ya fosfeti.

Usikisie vipimo. Jaza udongo ndoo kadhaa, changanya fosfeti au saruji asilimia 0, 2, 4 na 6, zipe wiki chache, kisha peleka maabara kwa kipimo cha uchujukaji, yaani risasi inayotoka udongoni ukilowekwa. Wengi hutumia kikomo cha Marekani cha miligramu 5 kwa lita.

Kuhusu alizeti za kunyonya risasi: mmea huchukua kidogo sana, na dawa za kuulazimisha unyonye huisukuma risasi kwenye maji ya visima. Sizipendekezi.

Hatua ya 7: Fukia

Shimo liwe juu ya maji ya ardhini hata wakati wa masika, litandikwe mfinyanzi ulioshindiliwa na karatasi nzito ya plastiki, na lifunikwe hivyohivyo juu, kwa mteremko wa kumwaga maji.

Hatua ya 8: Pima tena, halafu nyumba

Pima sakafu na kuta za kila shimo kabla ya kujaza. Tandaza wavu wa rangi ya chungwa uwe onyo kwa atakayechimba baadaye, mwaga sentimita 30 za udongo safi uliopimwa nao, panda nyasi.

Kisha ingia nyumbani mwa watu: mapaa, matangi ya maji, magodoro. Pangusa kwa kitambaa chenye maji, usifagie. Huko Zamfara, Nigeria, mwaka 2010, madaktari walisubiri nyua zisafishwe kabla ya kuwatibu watoto, kwa sababu anayetibiwa akarudi kwenye vumbi huugua upya.

Mwisho, peleka ramani ya shimo na kina cha wavu ofisi ya ardhi na kwa mwenyekiti wa mtaa, ili anayetaka kuchimba choo miaka ijayo ajue wavu wa chungwa maana yake nini.