Keki ya umbo la dubu: kukata, kupaka na kupamba

Anayetaka kuoka asubuhi na kupamba mchana ili keki iliwe jioni, bora atengeneze ya duara. Keki ya umbo ni kazi ya siku mbili: ya kwanza kuoka na kuchanganya rangi, ya pili kukata na kupamba. Keki iliyotoka ovenini leo ni laini mno, ukiitia kisu inamong'onyoka. Rangi za krimu nazo huendelea kukolea saa kadhaa baada ya kuchanganywa, kwa hiyo buluu uliyoipenda asubuhi siyo utakayoiona jioni.

Mfano wetu ni dubu aliyeketi, kavaa fulana ya buluu na tai nyekundu, anayetoka kwenye keki moja ya trei ya sentimita 23 kwa 33. Ukishamweza dubu, paka au roboti hakusumbui. Kinachobadilika ni kiolezo na rangi.

Keki ya kukatwa

Usitumie sponji nyepesi. Tunataka keki nzito kidogo, ya siagi: siagi gramu 350, sukari gramu 350, mayai 6, unga wa ngano gramu 400, bekingi pauda vijiko 3 vya chai, maziwa vijiko 3 vya chakula na vanila. Oka kwa nyuzi 160 za Selsiasi, dakika 50 hadi 60, mpaka kijiti ukichomeka katikati kitoke kikavu. Moto mkali hupandisha katikati kama kichuguu, na kichuguu hicho utalazimika kukikwangua ili mgongo wa dubu ulale vizuri ubaoni. Ikipoa kabisa, ifunge kwa plastiki, ilale kwenye friji usiku mzima. Kabla ya kukata, itie kwenye friza dakika 45. Tunaitaka iwe ngumu ya kukubali kisu, isigande kama barafu.

Kiolezo na kisu

Chora dubu kwenye karatasi kwa ukubwa kamili wa trei, umkate, umlaze juu ya keki iliyopinduliwa ili upande wa chini, ulio tambarare, uwe ndio uso. Mshikilie kwa vijiti vya meno. Hesabu vijiti unapovichomeka, uvihesabu tena unapovitoa. Kimoja kikibaki ndani kitamchoma mtoto mdomoni.

Kata kwa kisu cha mkate chenye meno, ukikisimamisha wima na kukivuta juu na chini kwa mikato mifupi. Ukikilaza, ukingo wa chini unatoka mpana kuliko wa juu na dubu anaonekana kavaa gauni. Sehemu nyembamba ndiyo inayovunjika: shingo, mkono, shina la sikio. Chochote chenye upana chini ya sentimita 4 usikikate pamoja na mwili. Kikate pembeni kutoka kwenye mabaki, kisha ukigandishe kwa krimu.

Mabaki usiyale bado. Kata duara la kipenyo cha sentimita 6 na unene wa sentimita moja na nusu uliweke usoni: hiyo ni pua na mdomo. Kubwa zaidi liweke tumboni. Hapo picha bapa inageuka dubu. Chonga kingo zake ziwe mviringo, maana ukingo mkali unaonekana hata chini ya krimu.

Hamishia kila kitu kwenye ubao wa keki wa sentimita 35 kwa 45 kabla hujapaka chochote. Ubao uwe mgumu. Ukipinda kidogo tu wakati wa kubeba, krimu inapasuka shingoni, na ufa wa shingoni haufichiki.

Krimu na rangi

Piga siagi laini gramu 500 kwa mashine dakika 5, mpaka iwe nyeupe na nyepesi. Siagi iwe laini ya kubonyea kwa kidole. Ikishang'aa mafuta, umechelewa. Ongeza sukari ya aisingi (sukari laini ya unga) kilo 1 kwa awamu nne, vijiko 3 vya chakula vya maziwa na vanila. Sukari ichekeche kwa chujio laini hata kama inaonekana safi: donge dogo kama kichwa cha pini linaziba nozo, ile ncha ya mfuko wa kupambia, katikati ya mstari wa jicho. Mwishoni koroga kwa mwiko, polepole, dakika 2, ukiikandamiza krimu kwenye ukuta wa bakuli ili mapovu ya hewa yatoke.

Utapata takriban kilo moja na nusu. Tenga gramu 250 za koti la kwanza bila rangi. Inayobaki igawe hivi: gramu 700 za manyoya, 300 za fulana, 150 za pua na tumbo ziachwe rangi ya maziwa, na zilizobaki zigawe nusu kwa nusu, nyeusi na nyekundu.

Tumia rangi ya jeli. Ya maji inalegeza krimu kabla haijakolea. Kahawia ipate kwa gramu 40 za kakao iliyochekechwa, na tone la rangi likihitajika. Nyeusi anzia kwenye krimu hiyo ya kakao, kamwe usianzie kwenye nyeupe. Ukianzia nyeupe utamwaga nusu chupa, upate kijivu kichungu kinachopaka meno ya wageni wote. Nyekundu ni mkaidi vilevile: ifikishe kwenye waridi iliyokolea sana, ifunike, iache usiku kucha, asubuhi itakuwa imesogea yenyewe. Buluu nayo ina lake. Siagi ina umanjano, na manjano kwa buluu huzaa kijani. Kabla ya kutia buluu, chovya ncha ya kijiti kwenye rangi ya zambarau, uikoroge ndani, umanjano unafifia. Ncha tu, si tone.

Koti la kwanza

Paka krimu isiyo na rangi, nyembamba, juu na pembeni kote kwa kisu bapa. Kazi yake ni kukamata makombo, kwa hiyo usijali keki ikionekana kupitia. Ila usirudishe krimu yenye makombo kwenye bakuli. Weka friji dakika 30, mpaka ukigusa kidole kitoke kikavu.

Sasa rudisha kiolezo juu yake na uchome matundu madogo kwa kijiti kufuata mistari: macho, mdomo, ukingo wa fulana, tai. Ukiondoa karatasi, sura imeshahamia. Hapa tulia. Rangi ikikosewa inavumilika, lakini macho yakikosewa mtoto atakuuliza huyu ni nani. Yaweke chini kidogo ya nusu ya uso, yaachane vya kutosha, karibu na pua. Yakipanda kwenye paji, dubu anazeeka ghafla. Yapime kwa rula kutoka mstari wa katikati.

Kupamba

Anza na mistari myeusi, nozo ya duara namba 3. Usiiburuze juu ya keki. Inyanyue kidogo, acha uzi wa krimu uning'inie na uulaze kwenye matundu. Uzi ukikatika, krimu ni nzito, ongeza matone machache ya maziwa. Ukitanuka, imepata joto. Jaza macho na ncha ya pua, lainisha kwa kidole kilicholowanishwa kidogo.

Kisha nyota, nozo namba 18. Simamisha mfuko wima, nozo iwe nusu sentimita juu ya keki. Bonyeza, acha kubonyeza, ndipo unyanyue. Ukinyanyua huku bado unabonyeza, kila nyota itatoka na mkia mrefu unaolala kwa jirani. Panga nyota za safu ya pili kwenye mianya ya safu ya kwanza, la sivyo koti la chini litachungulia. Anza na maeneo madogo, tai kwanza, fulana, halafu manyoya, na pembeni mwa keki mwisho kabisa. Ukitaka manyoya marefu, tumia nozo ya nyasi namba 233 na uvute kuelekea chini, safu za kwanza zikianzia miguuni na kupanda kichwani, ili kila safu ifunike mzizi wa ile iliyotangulia.

Jaza mfuko nusu tu. Mfuko uliojaa hupata joto la kiganja, na baada ya dakika kumi nyota zinatoka bila kona, kama vidonge. Hiyo ikitokea, tia mfuko friji dakika 5, uikande kidogo, endelea. Mwisho rudia mistari iliyofunikwa, na uweke kitone cheupe kwenye kila jicho, vyote upande uleule.

Kuhifadhi na kukata

Keki iliyotoka friji hutokwa jasho, na jasho hilo ndilo linalofanya nyeusi ivujie kwenye rangi ya maziwa. Iweke friji ikiwa ndani ya boksi, na ukiitoa usifungue boksi mpaka ipoteze ubaridi, kama saa moja na nusu. Garini iweke sakafuni, kwenye kiti itateleza.

Wakati wa kukata, anza miguuni, ukipanda juu kwa safu za sentimita 5. Kichwa kibaki mpaka mwisho. Kuna mtoto atalia ukimtoa dubu jicho mbele yake.