Sensa ya joto na unyevu ikitaja namba za ajabu: soma uongo wake kwanza

Niliwahi kuletewa mashine ya kutotolesha vifaranga kutoka Sahare, mwenyewe keshakata tamaa. Alikuwa amebadilisha sensa ya DHT22, ile ya kupima joto na unyevu, mara tatu, na kila mpya inasoma nyuzi 37.6 vizuri kabisa kwa dakika tano, kisha kioo kinaandika "nan" (yaani "si namba"), na mara moja moja namba ya kichaa. Zile sensa alizozitoa alizileta pia, kazifunga kwenye gazeti. Nikazijaribu mezani moja baada ya nyingine. Zote nzima. Ugonjwa ulikuwa kwenye waya wa data: ulifungwa tepu nyeusi pamoja na waya wa balbu, zikatembea bega kwa bega karibu mita nzima.

Basi kabla hujanunua nyingine, pita njia hii. Naizungumzia zaidi DHT22 kwa kuwa ndiyo ninayoletewa sana hapa Ngamiani, Tanga.

Hatua ya 1: Uongo wa aina gani?

Chukua daftari, kaa na kioo saa nzima, andika namba kila dakika. Uongo wa sensa una sura tatu. Kuna wa kurukaruka: namba nzuri, namba ya kichaa, nzuri tena. Huo shuku umeme, waya au programu, sensa iache mwisho. Kuna wa kuganda: unyevu 99.9 asubuhi, mchana na usiku. Hapo sensa yenyewe imelowa au imekufa. Na kuna wa kupotoka kwa kiasi kilekile siku zote, tuseme nyuzi 3 juu ya ukweli. Huo mara nyingi ni mahali ulipoiweka. Wengi wanaona uvivu kuandika, wanakwenda moja kwa moja dukani.

Hatua ya 2: Programu

Hii ni ya dakika mbili. DHT22 haitaki kuulizwa zaidi ya mara moja kila sekunde 2. DHT11, ndugu yake, inavumilia sekunde 1. Ukishaipa umeme, iache sekunde moja itulie ndipo uiulize. Kisha angalia umetaja aina gani. Kijana mmoja aliniandikia kwamba unyevu wa chumbani kwake ni 1408. Sikuhitaji hata kuiona mashine: sensa ilikuwa DHT11, programu inadhani ni DHT22. Sensa ilituma 55 kwenye baiti ya kwanza (baiti ni fungu la alama nane za 0 na 1) na sifuri kwenye ya pili. Programu ikazidisha 55 kwa 256, ikagawa kwa 10. Piga hesabu mwenyewe uone.

Hatua ya 3: Umeme

Usipime kwenye adapta. Pima kwenye miguu ya sensa, tena mashine ikiwa kazini: feni inazunguka, balbu inawaka na kuzima, WiFi inatuma. Bodi ya ESP32, ile kompyuta ndogo yenye WiFi inayoendesha sensa, inapotuma hunyonya mamia ya miliampia kwa ghafla, na chaja hafifu ya simu inayumba kwa muda mfupi mno hata mita yako haioni. Wewe unasoma volti 5 zimetulia, sensa imeshapoteza fahamu na kuzinduka. Dawa yake ni rahisi: kapasita ya nanofaradi 100 ibane miguu miwili ya umeme ya sensa, karibu kabisa, na nyingine kubwa ya mikrofaradi 470 ikae kwenye umeme wa bodi.

Rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) na pampu zipe adapta yake, na coili ya rilei ya DC uifunge dayodi kinyume. Namba zikiruka kila rilei inapolia "tak", usitafute mchawi mwingine.

Jambo moja kwa wanaotumia ESP: pini zake ni za volti 3.3. Ukiipa DHT22 volti 5, waya wa data unaweza kupanda hadi 5 na kuumiza pini. Ipe 3.3 na waya uwe mfupi.

Hatua ya 4: Waya, resista, na chumvi ya bahari yetu

DHT22 hutuma biti 40, yaani alama 40 za 0 na 1, kwenye waya mmoja: 16 za unyevu, 16 za joto, 8 za kuhakiki. Biti zikichafuka njiani hesabu inakataa, programu inautupa ujumbe wote, inaandika "nan". Kwa hiyo "nan" haina maana kwamba sensa imekufa. Maana yake ni kwamba ujumbe haukufika salama, au haukufika kabisa.

Sensa tupu ya miguu minne inahitaji resista (kizuia umeme) ya kiloomu 4.7 hadi 10 kati ya waya wa data na umeme. Iliyoungwa kwenye bodi ndogo ya miguu mitatu kwa kawaida inayo tayari, ila mpangilio wa miguu hutofautiana kati ya bodi na bodi. Soma maandishi yake, usinakili picha ya mtu. Waya wa data usilale sambamba na waya wa umeme mkubwa. Kama lazima vikutane, vikatize kama msalaba.

Halafu kuna hili la kwetu pwani. Nilifungua boksi moja Raskazone, nyumba inatazama bahari. Nikachomoa waya wa kuchomeka, pini ikatoka na unga wa kijani kama ukungu wa mkate. Ukiuminya waya ule kwa vidole namba zinatulia, ukiuachia zinaruka. Upepo wa baharini unabeba chumvi, chumvi inavuta unyevu, shaba inaliwa. Kusugua kwa msasa ni kujidanganya, itarudi tu. Kata, lehemu kwa risasi, vika mpira wa kubana kwa joto. Waya za kuchomeka ni za mezani, za kujaribia. Mashine ya kukaa miaka iwe imelehemiwa.

Hatua ya 5: Mahali

Isikae juu ya bodi, wala karibu na balbu, wala juu ya sinia la maji. Joto la uongo huzaa unyevu wa uongo: hewa yenye unyevu asilimia 80 kwa nyuzi 30, ukiipasha hadi 33 bila kuongeza maji, inasoma kama 67. Sensa haijakosea hapo, imepima hewa ya pale ilipo. Ya nje iwekee kivuli kinachopitisha upepo. Sahani nyeupe za plastiki zilizopangwa kwa nafasi zinatosha.

Hatua ya 6: Kopo la chumvi

Hapa ndipo sensa inapohukumiwa. Weka chumvi laini ya mezani kwenye kifuniko cha soda, idondoshee maji mpaka iwe kama mchanga uliolowa, isiyeyuke ikawa maji. Iweke ndani ya kopo lenye kifuniko, ning'iniza sensa bila kugusa chumvi, funga, acha usiku kucha mahali pasipo jua. Hewa ya humo itakuwa na unyevu wa asilimia 75, na iwe nyuzi 20 au 30 haibadiliki kwa kitu cha maana. Ikisoma 81, punguza 6 kwenye programu, basi.

Najua wengine mtachota chumvi ya mawe kutoka mashamba ya chumvi huko Mkinga kwa kuwa ipo bure. Hiyo ina magnesi ndani yake, inavuta maji kuliko chumvi safi, itakupa chini ya 75 na utailaumu sensa.

Joto la mashine ya mayai lipime kwa kipima homa cha kidijitali, ncha yake ikae kando ya sensa. Nyuzi 37.5 ndipo kilipotengenezewa kupima.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Muheza: Shikamoo fundi. Yangu ni DS18B20, ile sensa ya joto ya waya yenye ncha ya chuma. Kila umeme ukikatika na kurudi inaandika 85, king'ora kinalia, nyumba nzima inaamka.

Marahaba. Hiyo 85 ndiyo namba inayoamka nayo kabla haijapima chochote. Kipimo kamili kinachukua milisekunde 750, wewe unaiuliza mapema. Ipe sekunde moja na uitupe namba ya kwanza. Ikiandika -127, hapo waya umeachia. Na king'ora usikifunge kwa namba moja. Chukua vipimo vitano, tumia cha katikati. Wastani usiutumie: 29.1, 29.2, 85, 29.1 na 29.2 wastani wake unazidi 40, wakati cha katikati ni 29.2.

Kutoka Pangani: Kaka, tunakausha mwani bandani. Usiku unyevu unapanda 99.9 na haushuki mpaka karibu adhuhuri, hata jua likiwa kali.

Imelowa, dada. Ikikaa muda mrefu kwenye unyevu mkubwa inashiba, inachelewa kurudi. Iweke saa 2 kwenye joto la nyuzi 50 hadi 60 mahali pakavu: boksi lenye balbu, na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Kisha inatakiwa ikae zaidi ya saa 5 kwenye unyevu unaozidi 70 na joto la kawaida. Kwa Pangani hatua hiyo ni rahisi, itundike barazani tu. Ikiganda tena baada ya hapo, nunua nyingine.

Kutoka Makorora: Naweza kuiziba na silikoni isiingie maji?

Miguu na maungio, sawa. Matundu usiyaguse, na silikoni ikauke kabisa kabla hujafunga boksi. Mvuke wake unaharibu kile kinachopima unyevu.

Kutoka Korogwe: Nimeuziwa sensa ya BME280, inatoa joto na mgandamizo, unyevu haupo.

Umeuziwa BMP280. Zinafanana kwa sura. Soma kwa programu namba yake ya utambulisho: 0x60 ni BME, 0x58 ni BMP. Irudishe.

Kutoka Chumbageni: Nina DHT22 mbili kando kwa kando, moja inasema 64 nyingine 68. Ipi kweli?

Inawezekana zote mbili. Kila moja inaruhusiwa kukosea asilimia 2 juu au chini, na hata zaidi. Zitie pamoja kwenye kopo moja la chumvi leo usiku, asubuhi uniandikie zinasoma ngapi.