Somo: Mtoto mchanga asiyeachia titi jioni nzima

Swali hili nimelijibu mara nyingi mno, tena kwa maneno yale yale, kwa hiyo naliandika hapa kikamilifu: "Mtoto ana wiki tatu. Kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa nne usiku ananyonya, anasinzia dakika kumi, analia, anataka tena. Maziwa yangu hayatoshi?"

Mara nyingi yanatosha. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24, na wengi hukusanya zamu nyingi jioni. Hali hii huwa kali zaidi katika wiki za mwanzo, halafu hulegea.

1. Kula, kunywa maji na ujisaidie kabla jioni haijaanza.

2. Hesabu nepi, usihesabu vilio. Kuanzia siku ya 5, nepi 6 au zaidi zilizolowa kwa saa 24, kinyesi laini cha manjano, na uzito wa kuzaliwa uwe umerudi kufikia wiki 2 hivi. Ukiyaona haya, mtoto anapata maziwa. Matiti kuwa laini jioni si dalili kwamba ni matupu.

3. Angalia anavyoshika titi. Mdomo wazi kabisa, kidevu kimegusa titi, mdomo wa chini umepinduka nje. Maumivu yakiendelea, ingiza kidole safi pembeni mwa mdomo wake, mwachishe, anza upya.

4. Akiacha kumeza, mcheulishe, mhamishie titi la pili. Ruksa kurudi la kwanza.

5. Usianze chupa ya "kujazia" kwa sababu ya uchovu wa jioni tu. Hapa ndipo nilipokosea. Kwa mwanangu wa kwanza niliambiwa maziwa yangu ni mepesi, nikaanza kumpa maziwa ya kopo kila siku ifikapo saa mbili usiku. Alilala, nami nikaona nimepata dawa. Kumbe titi hutengeneza kadiri linavyotolewa. Likibaki limejaa, hupunguza kasi. Usiku wa kwanza matiti yaliuma kwa kujaa. Baada ya siku tisa hayakujaa tena, na mtoto alikuwa anadai chupa hata asubuhi. Kurudisha maziwa kulinichukua wiki tatu za kunyonyesha, kukamua, kunyonyesha tena, huku nikilia. Tahadhari mbili. Kama mhudumu wa afya amekuambia umwongeze maziwa kwa sababu uzito unashuka, mwongeze, wala usiache kwa sababu ya maneno yangu. Na kila zamu anayopewa chupa, wewe kamua, ili titi lisipumzike.

6. Ukihisi usingizi, ondoka kwenye kochi. Kusinzia na mtoto kwenye kochi ni hatari kubwa: anaweza kubanwa akakosa hewa. Mpe mtu mwingine ambebe.

MASWALI

– Wangu naye ananyonya sana jioni, nifanyeje?
Hatua ya 2. Rudi na idadi ya nepi.

– Mama mkwe anasema nimpe maji kidogo apoe kiu.
Hapana, mdogo wangu. Chini ya miezi 6 hahitaji maji. Maziwa yako yenyewe sehemu kubwa ni maji. Ukimpa maji tumbo linajaa kitu kisicho na chakula. Mama mkwe anataka kusaidia, na msaada wake unauhitaji kweli: mwombe ambebe mtoto baada ya kila zamu.

– Mbona unatutisha na chupa? Wangu alikunywa na ana afya tele.
Sikusema maziwa ya kopo ni sumu. Nimesema chupa ya kila jioni hupunguza maziwa ya mama anayetaka kuendelea kunyonyesha. Soma tena sentensi zile za tahadhari.

– Mimi ni baba. Kwa nini iwe jioni na si asubuhi?
Swali zuri, kaka. Homoni inayotengeneza maziwa hupanda zaidi usiku, ndiyo maana mama wengi huamka alfajiri wakiwa wamejaa. Jioni maziwa hutoka taratibu, kwa hiyo mtoto hurudi mara nyingi. Lakini titi kadiri linavyopungua ndivyo maziwa yake yanavyozidi mafuta, hivyo zile zamu fupi si bure. Kazi yako: punguza taa, mletee mama maji bila kuombwa, umchukue mtoto kati ya zamu, kifuani, ngozi kwa ngozi.

– Wangu ana siku 6, hanisumbui kabisa, analala tu. Nepi mbili tangu jana.
Dada, acha kusoma. Mwamshe, mnyonyeshe sasa hivi, kisha mpeleke hospitali leo hii, usingoje kesho. Mtoto wa siku 6 anayelala kupita kiasi na kukojoa kidogo huenda hapati maziwa. Ukiona macho au ngozi ni ya manjano, waambie pia. Na kwa wote: homa ya nyuzi 38 au zaidi kwa mtoto mchanga ni hospitali moja kwa moja.

– Chuchu zimechanika, nipake nini?
Matone ya maziwa yako mwenyewe, ziache zikauke. Ila zitachanika tena usiporekebisha hatua ya 3.

– Mimi hutumia kitambaa cha kubebea, naweza hata kutembea jioni.
Kinasaidia sana. Uso uonekane muda wote, kidevu kisigandame kifuani.

– Mimi ni yule wa siku 6. Wamemlaza, ana manjano na uzito umeshuka. Anapewa maziwa kwa kikombe.
Umefanya vema kumpeleka. Waombe wakuonyeshe kukamua kwa mkono, na ukamue kila baada ya saa 2 au 3, hata usiku. Mwanzoni yatatoka matone tu, hayo hayo apewe. Kesho akipimwa uzito, niandikie.