Filamu ya Vita kwa Mfuko Mdogo: Ninavyoipiga Hapa Dodoma

Achana na milipuko. Kama fedha ni za kuungaunga, vita utakavyoviweza ni vile vya wanajeshi wanaotiliana shaka. Na hadithi yake tunayo mkoani kwetu: miaka ya 1960 wapigania uhuru wa FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini na SWAPO ya Namibia walikaa kambini Kongwa, mbali na kwao, wakisubiri kurudi kupigana. Kusubiri huko kunatosha kubeba filamu nzima. Tunga yako: watu saba, kambi moja, redio ya mawasiliano imekutwa alfajiri waya umekatwa. Nani kakata?

Skripti ikiiva, fuata kibali cha Bodi ya Filamu. Kisha nenda kwa mwenyekiti wa kijiji na kituo cha polisi cha karibu, uwaonyeshe bunduki zako za mbao wewe mwenyewe, mapema. Seremala akipewa picha na vipimo anazichonga vizuri. Paka rangi nyeusi isiyong'aa, halafu piga msasa pale kiganja kinaposhika, zionekane zimebebwa miaka. Sare za mabakamabaka usiziguse hata kama ni mtumba. Raia kuvaa sare za jeshi ni kosa la jinai. Kaki za kawaida zinatosha, zikifuliwa na kuanikwa juani mpaka zipauke.

Sasa waigizaji, na hapa ndipo naomba usiwe na haraka. Mchukue kila mmoja pembeni, umpe siri yake asiyoijua mwingine: huyu ameandika barua kwa kaka yake aliye upande wa adui, yule aliamka usiku na hasemi alikwenda wapi. Aliyekata waya ajijue peke yake. Piga sini kwa mpangilio wa hadithi, uchovu wao ukue kweli mbele ya kamera.

Mtu asiseme "nakushuku". Weka sini ya kugawa maji: kamanda anamimina kwa kikombe kimoja cha bati, kamera iko kwenye kikombe, si usoni. Wa kwanza, wa pili, wa tatu, maji yanafika mstari uleule. Wa nne anamiminiwa pungufu kidogo. Ndipo upandishe kamera, taratibu, uwapate wale sita wakimwangalia. Hiyo sini haikugharimu hata risasi ya bandia, na mtazamaji ameshamhukumu mtu.

Mwanga: anza saa 12 na nusu asubuhi, pumzika jua la mchana, rudi saa 10 jioni. Mawe makubwa na mibuyu vitakupa mandhari bure.

Upepo wa Julai na Agosti ndio adui wa sauti. Vika maikrofoni kitambaa kizito chenye manyoya, na mazungumzo marefu yapigie nyuma ya jabali.

Maji ya kunywa yawe tele nyuma ya kamera. Kiu ya kwenye skripti iishie kwenye skripti. Mwigizaji akianza kuumwa kichwa, simamisha kazi.