Tembe la babu: kagua nguzo kwanza, ukuta baadae

Kama kwenu Mvumi au Bahi, Dodoma, bado kuna tembe la zamani, ile nyumba ya Wagogo yenye paa bapa la udongo, na mnataka lisimame, msianze na ukuta. Watu wakiona ufa wanakimbilia kupiga lipu, kumbe ukuta wa tembe haubebi kitu, mzigo wote wa paa uko kwenye nguzo za panda, zile zenye uma juu, na boriti zilizolala juu yake, fito na udongo ni kuziba tu. Zile nyumba za kale za wakulima wa Uingereza nazo ni hivyohivyo, fremu ya mwaloni imekazwa kwa vigingi vya mbao, katikati fito na udongo uliokandwa na mavi ya ng'ombe na majani makavu. Wagogo na Waingereza hawakuambiana ila kwenye mavi ya ng'ombe wamekutana.

Fanya kiangazi, kabla mvua za Desemba. Ingia ndani na bisibisi, kila nguzo fukua kidogo pale inapoingia ardhini halafu igonge na mpini wa jembe kuanzia chini mpaka kifuani. Nzima inalia kavu, iliyoliwa inalia po, kama debe tupu, na ukiona kamstari ka tope kanapanda ujue mchwa wako kazini. Bisibisi ikizama mpaka mpini, hapo hakuna nguzo, limebaki ganda.

Usiing'oe hivihivi! Simamisha miti miwili ya panda chini ya boriti, huku na huku, ikae juu ya mawe bapa isizame, gonga kabari mpaka boriti inyanyuke kidogo tu, ndo utoe ya zamani. Mpingo ndo mchwa wanauogopa, ila kuukata bila kibali ni kesi, so tafuta mti mwingine mgumu uliokauka, utoe magome, mguu wake upake oili chafu.

Paa likivuja watu wanaongeza udongo juu ya udongo kila mwaka, ukilowa uzito ni balaa, boriti inapinda. Kwangua uliolegea, rudishia unene uleule, acha mteremko kidogo maji yasituame.

Ukuta sasa: udongo wa kichuguu, mavi ya ng'ombe, maji, kanyaga mpaka unate. Fundi atakushawishi uweke saruji, kataa, haishikani na udongo na unyevu unakwama nyuma yake, nguzo zinaoza huzioni, na siku lipu ikibanduka inaondoka na ukuta.