Kuomba IELTS: pale ada inapopotelea

Wengi wanaopoteza ada ya IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, huipoteza siku ya kujisajili, kwenye ule ukurasa wa kwanza unaouliza unataka mtihani gani. Watu hubofya cha kwanza wanachokiona. Pole sana.

Anza na barua ya chuo, mwajiri au idara ya uhamiaji, uisome neno kwa neno. Academic ni ya vyuo na baadhi ya taaluma: baraza la wauguzi la Uingereza, NMC, linataka hiyo, alama 7 kila sehemu isipokuwa kuandika, ambako ni 6.5. General Training ndiyo ya wanaoomba kuhamia Kanada kwa Express Entry, mfumo wa kupokea wahamiaji wenye ujuzi. Halafu kuna IELTS for UKVI, yaani ya idara ya viza na uhamiaji ya Uingereza. Maswali ni yaleyale, ugumu ni uleule, ila viza nyingi za kazi za Uingereza zikidai cheti cha Kiingereza, zinataka hii. Ukipeleka ya kawaida, hata uwe na 9, alama ya juu kabisa, ombi litakwama. Kwa shahada, chuo chenyewe kinaweza kukubali ya kawaida. Waandikie barua pepe wakujibu kwa maandishi kabla hujalipa.

Pili, pasi ya kusafiria. Namba utakayojisajilia ndiyo ya pasi utakayokwenda nayo mlangoni, halisi na isiyoisha muda. Nakala iliyogongwa mhuri wa wakili ni karatasi tu. Kama pasi inakaribia kuisha, ibadilishe kwanza. Majina yaandikwe herufi kwa herufi: pasi ikisema Mohamed, usiongeze m. Jina la ukoo likae kwenye nafasi yake, mengine yote kwenye nyingine, maana fomu hizi hazikubuniwa kwa watu wa majina matatu. Kwenye malipo, hakikisha mapema kwamba kadi yako imefunguliwa manunuzi ya mtandaoni na kikomo cha siku kinatosha.

Mtihani wa kuzungumza, dakika 11 hadi 14, unaweza kupangwa siku tofauti na sehemu nyingine. Angalia tarehe zote mbili kabla hujakata tiketi ya basi.

Maandalizi sasa. Kwenye kusikiliza kuna maswali 40 na sauti inapigwa mara moja tu. Ukifanyia kompyuta unapata dakika 2 za kukagua, si zile 10 za kuhamisha majibu kwenye karatasi. Kinachowaangusha wenye Kiingereza kizuri ni herufi “s” ya wingi iliyosahaulika, na kuandika maneno matatu palipoagizwa mawili. Yote mawili ni kosa kamili. Swali lisikubaki wazi, kwani kubahatisha hakukatwi alama.

Kwenye kusoma, mtego mkubwa ni True, False na Not Given. False ni pale kifungu kinapopinga sentensi. Kifungu kikinyamaza, hata kama wewe unajua ukweli wa jambo hilo, jibu ni Not Given.

Kuandika kuna saa moja na kazi mbili, maneno 150 na 250. Ya pili ina uzito mara mbili, hivyo ipe dakika 40. Insha za kukariri wasahihishaji wanazitambua upesi. Kwenye kuzungumza, chunga “he” na “she”. Yeye wetu mmoja huwaponza wengi.

Siku yenyewe, simu na saa ya mkononi vinabaki nje. Kusikiliza, kusoma na kuandika hufuatana bila mapumziko, na ukienda chooni saa haikusubiri.

Alama ya jumla ni wastani: 6.5, 6.5, 5 na 7 zinatoa 6.25, nayo inapandishwa kuwa 6.5. Lakini kama chuo kinataka 6 kila sehemu, ile 5 bado inakufungia mlango. Unaweza kuomba isahihishwe upya ndani ya wiki 6. Unalipia, na alama ikibadilika unarudishiwa pesa. Cheti kinatambulika kwa miaka 2, kwa hiyo usiufanye mtihani kabla hujajua utaomba lini.