SOMO: Deki inapiga muziki lakini maneno ya filamu hayasikiki

Wakuu, salaam.

Wiki hii peke yake nimeulizwa mara nne. Wawili kwa simu, mmoja nje ya msikiti wakati natafuta kandambili yangu, na mmoja dirishani kwangu hapa Ngamiani, Tanga, saa tatu usiku, deki iko kwapani. Wote swali moja: "Kaka, muziki na milipuko vinapasua masikio, lakini watu wakiongea sisikii kitu. Deki imekufa?"

Haijafa. Naandika mara moja, atakayeniuliza tena nitamtumia hii.

Majina ya menyu nayaandika kama yanavyotokea kwenye kioo. Deki nyingi za Kichina tulizonazo hazipishani sana.

1. Shika rimoti ya deki. Si ya king'amuzi.

2. Toa CD, au bonyeza STOP mara mbili. Mara ya kwanza deki inaweka tu alama pale ilipofika, haijasimama kweli, na baadhi ya kurasa za menyu zitabaki za kijivu hazibonyezeki.

3. Bonyeza SETUP.

4. TV DISPLAY: TV ya chogo weka 4:3, ya bapa weka 16:9. Kwenye chogo, PS inakata picha pembeni ijae kioo, LB inaacha mistari myeusi juu na chini. Ukipenda kuona kila kitu, LB.

5. Nenda SPEAKER SETUP, tafuta DOWNMIX, weka STEREO. Hapa ndipo penye ugonjwa wenu.

Filamu nyingi za DVD zina sauti ya njia sita, ndiyo ile 5.1 mnayoiona kwenye kava: spika tano na sabufa. Maneno ya waigizaji karibu yote hupelekwa spika ya katikati. Sasa wewe umechomeka waya mbili tu, nyekundu na nyeupe. Deki ikiwa kwenye 5.1CH inaamini una spika zote, kwa hiyo inayapeleka maneno kwenye tundu la CENTER huko nyuma, ambalo lina vumbi na mayai ya mende. Kinachokufikia ni muziki na vishindo. Ukiweka STEREO, deki inayachukua maneno ya katikati na kuyagawa kulia na kushoto.

Ndiyo maana mtu ananibishia, "Mbona filamu iliyotafsiriwa inasikika vizuri?" Kwa sababu ile imeshachanganywa na sauti ya mtafsiri kwa njia mbili. Haina katikati ya kupotea.

6. Kama watoto wamelala: AUDIO SETUP, kisha DYNAMIC au DRC, peleka FULL. Minong'ono inapanda, milipuko inashuka. Mchana rudisha OFF.

7. USIGUSE VIDEO OUTPUT kama hujui umechomeka waya gani. Nasema kwa uchungu. Idd moja mama mkwe alikuja kutoka Pangani, ile ya waja leo waondoka leo, aone DVD ya harusi ya shemeji yangu kisha awahi gari. Nikataka kumwonyesha kwamba mkwe anajua mambo. Nikaingia VIDEO SETUP, nikaona P-SCAN, nikakumbuka kusikia kwamba inasafisha picha. Deki ikaandika onyo, sikulisoma, nikabonyeza YES. Kioo kikawa giza. Menyu yenyewe siioni, nitairudisha vipi? Sauti ikawa inaendelea vilevile, vigelegele, ngoma, mshereheshaji anataja meza kuu. Mama mkwe akasema, "Basi baba, tusikilize tu." Tukakaa sebuleni nusu saa tunasikiliza harusi gizani, watu wanabishana ile sauti inayoimba ni ya nani. Gari likampita, akalala.

Kilichotokea: P-SCAN inapita kwenye zile waya tatu za picha, kijani, buluu na nyekundu. Mimi nilikuwa na waya ya njano. Njano haiwezi kuibeba.

Ukiingia shimo hilo, tulia. Fungua trei, iache wazi, bonyeza V-MODE kwenye rimoti, rimoti nyingine imeandikwa VIDEO au P-SCAN. Bonyeza mara moja, subiri sekunde tano, bonyeza tena, mpaka picha irudi. USIBONYEZE harakaharaka, utaipita. Rimoti yangu haikuwa na kitufe hicho, nikabeba deki kesho yake kwa jirani mwenye waya tatu. Na ukichomeka hizo tatu, angalia: nyekundu ya picha na nyekundu ya sauti ni rangi moja, matundu mawili tofauti.

Basi. Maswali.

---

Mzee wa Fasta: Mkuu nimejaribu imegoma

Mwandishi: Umejaribu nini, hatua ya ngapi, imegoma vipi?

Mzee wa Fasta: zote. Maneno hayasikiki

Mwandishi: DOWNMIX imeandikwa nini sasa hivi?

Mzee wa Fasta: menyu haifunguki, inaleta tu orodha ya chaneli

Mwandishi: Hatua ya 1.

---

Bi Mkubwa wa Raskazone: Kaka, asante kwa somo. Mwanangu kaniletea DVD kutoka Marekani. Kwenye bapa ya sebuleni inaonyesha rangi, kwenye chogo la chumbani nyeusi na nyeupe, deki ni ileile nahamisha. Kwa nini?

Mwandishi: Dada, swali zuri, na hapa sikemei mtu. Sisi tulirithi mfumo wa picha wa PAL, mistari 576, picha 25 kwa sekunde. DVD za Marekani na Japani ni za mfumo wa NTSC, mistari 480, karibu picha 30. Chogo lako linajua PAL tu. Likipewa NTSC linapata mwanga na kivuli lakini rangi zimefungwa kwa namna lisiyoijua, linaziacha. Mengine picha hupanda juu kama pazia. Bapa inasoma zote mbili. Ingia TV TYPE, itakuwa AUTO, weka PAL, deki ikubadilishie yenyewe. Ukirudi sebuleni rudisha AUTO, picha itatulia zaidi.

Na una bahati. DVD hufungwa kwa kanda, yaani eneo la dunia inakouzwa: ya Marekani ni ya kanda namba 1, Tanzania tumo kanda ya 5. Deki yako imefunguliwa kanda zote, vinginevyo ingeitema.

Bi Mkubwa wa Raskazone: Kumbe. Na mbona filamu moja, nakala ya Uingereza inaisha mapema kuliko hii ya Marekani? Nilidhani wamekata.

Mwandishi: Hawajakata. Filamu ya sinema hupigwa picha 24 kwa sekunde. Kwa PAL, kama hiyo nakala ya Uingereza, huikimbiza ifike 25, kwa hiyo ya saa mbili inapungua karibu dakika tano. Sauti nayo hupanda kidogo. Mwenye sikio la muziki huisikia.

---

Fundi Mwenzio: Unawadanganya watu. Maneno yasiposikika mara nyingi IC, ile chipu ya sauti, imeungua. Mimi nabadilisha kila siku.

Mwandishi: IC ikiungua inachagua kunyamazisha waigizaji na kuacha bunduki? Ikiungua kweli hukosa upande mzima, au yote, au inakoroma. Mimi sijasema IC haiungui. Nimesema mtu aangalie menyu dakika mbili kabla ya kulipia bisibisi. Wapo waliolipia.

Fundi Mwenzio: Na DTS je? Menyu yako haitasaidia.

Mwandishi: Hapo umesema kweli na nilisahau kuweka. CD ikiwa na sauti ya DTS, aina nyingine ya kufungasha sauti ya filamu, deki nyingi za bei rahisi haziwezi kuifungua, inakuwa kimya kabisa kwenye nyekundu na nyeupe. Filamu ikiwa inacheza bonyeza AUDIO mpaka isomeke DOLBY au AC3. Asante.

---

Chogo la Mwisho: Mimi kinyume chake, CD ya karaoke muziki upo mwimbaji hayupo. Jana alikuwepo

Mwandishi: Mtoto amebonyeza L/R. Kwenye VCD za karaoke kwa kawaida upande mmoja umewekwa muziki mtupu na mwingine muziki na mwimbaji. Bonyeza L/R mpaka arudi. Kitufe hichohicho kinamfaa mwenye CD za taarab za zamani, Black Star na Lucky Star za hapahapa Tanga, zilizochomwa kutoka kwenye kaseti zikatoka spika moja tu. Chagua MONO L au MONO R, ule upande wenye sauti, zitajaa spika zote mbili.

Chogo la Mwisho: 🙏 Mzee wangu atafurahi, alishapiga spika makofi mpaka neti yake imetoka

---

mgeni_Sahare: Kwangu sauti inakatika na kurudi, nikigusa waya inapona. Ni DOWNMIX?

Mwandishi: Ni bahari. Sahare mnapumua chumvi mchana kutwa na zile pini zinashika ukungu wa kijani. Zima umeme, chomoa, futa kwa pamba yenye spiriti, pini na ndani ya tundu. Usitumie sandpepa, utaikwangua ile rangi ya juu na kutu itakuja upesi zaidi.

mgeni_Sahare: Na inasoma DVD lakini CD za kawaida inaandika NO DISC. Lenzi si ni moja?

Mwandishi: Lenzi moja, taa mbili. DVD inasomwa kwa leza nyekundu ya nanomita 650, CD na VCD kwa ya nanomita 780 ambayo jicho halioni. Moja ikichoka nyingine inaendelea. Futa lenzi kwanza, kwa pamba iliyolowa kidogo, bila kukandamiza. Isipopona, hiyo sasa mpelekee Fundi Mwenzio. Na usichungulie lenzi deki ikiwa imewaka.

---

Mzee wa Fasta: Nimepata rimoti. Maneno yanasikika!! Sasa flashi haisomi

Mwandishi: Flashi ya ukubwa gani, na imeformatiwa nini?

Mzee wa Fasta: sijui, ni nyeusi

Mwandishi: Ichomeke kwenye kompyuta, uiformati FAT32, deki hizi hazijui NTFS, ule mpangilio mwingine wa flashi. Hamisha kwanza vitu vyako, kuformati kunafuta vyote. KUNAFUTA VYOTE. Faili likizidi GB 4 halitaingia. Na deki ya zamani inataka AVI, hizi MP4 za simu inaweza kuzikataa.

Mzee wa Fasta: nimeformati. Picha zangu ziko wapi

Bi Mkubwa wa Raskazone: Jamani 😂 Kaka, hebu tuambie, ile harusi mliiona?

Mwandishi: Tuliiona kesho yake, kwa jirani. Aliyekuwa anaimba alikuwa mama mkwe mwenyewe. Alikaa kimya nusu saa nzima anatusikiliza tukibishana.